Kidonge Chini ya Mpapai

Kila magharibi ya Ramadhani, nyumbani kwao mtaa wa Picha ya Ndege, Hajra alikuwa na kazi yake: kumpa bibi yake, Bi Sikudhani, vidonge viwili baada ya uji wa futari. Cheupe cha presha, cha njano cha foliki asidi, aina ya vitamini. Bibi aliletwa Kibaha kutoka Kisarawe baada ya vipimo kuonyesha presha imepanda, na damu ina homosisteini nyingi, kitu ambacho kikizidi huumiza mishipa.

"Mjukuu wangu, hicho cheupe kinanikojoza," bibi alinong'ona siku ya tatu ya mfungo. "Tarawehe hata haijafika nusu, natoka safuni mbio kama kuku kaona mwewe! Nipe cha njano tu. Na mama yako asijue."

Hajra alicheka. Tena alikuwa amemsikia muuza dawa wa barabarani na kipaza sauti chake: "Vitamini! Kiharusi kwaheri!" Watu wa namna hiyo hawakuanza jana. Walimuuzia babu yake unga wa kusafisha damu. Babu akazikwa, wao wakahamia stendi nyingine. Hajra hakuwa amezaliwa wakati huo, hakuyajua hayo. Jioni hiyo akampa bibi cha njano tu, cheupe akakifukia chini ya mpapai.

"Bibi amekunywa dawa?" mama aliuliza.

"Amekunywa zote."

Alisema hivyo jioni kumi na nne. Ya kumi na tano, bakuli la uji lilimponyoka bibi. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalala.

Hospitalini, Daktari Yahya aliuliza kama dawa ya presha ilitumika.

"Kila siku," mama alijibu bila wasiwasi.

Hajra alitazama kandambili zake. Akinyamaza, daktari atatibu kwa kufuata uongo.

"Hapana," alisema, machozi yakimtoka. "Vyeupe nilivifukia. Vilimtoa bibi mbio kwenye tarawehe, nami nilidhani vitamini inatosha."

Mama hakumpiga. Afadhali angempiga.

Daktari akavuta kiti. "Vitamini ile inashusha homosisteini, Hajra. Presha haiigusi. Anayekwambia kidonge kimoja kinafukuza kiharusi anakuuzia kaburi. Lakini mngeniambia habari ya tarawehe, ningebadili dawa, au saa ya kuinywa. Neno moja tu, basi."

Siku ya Idd bibi alikuwa nyumbani, na dawa nyingine, isiyomkimbiza chooni. Aliswali amekaa kitini.

"Bibi, nisamehe."

"Ha... Haa..." Jina la mjukuu lilimshinda. Akampapasa kichwa kwa mkono wa kushoto.

Mama akamkabidhi Hajra vidonge. "Mpe bibi yako. Akivikataa, njoo uniambie, hata kama amekuapisha. Na ukisema amekunywa, mwanangu, awe amekunywa."