Anayekuja Nyuma

Kazi aliyopewa Nyakuoth siku ile ilikuwa nyepesi: awe wa mwisho. Mwalimu Lokiru angetangulia na filimbi yake, watoto wangefuata mmoja mmoja, na yeye, mzazi aliyekuja na mwanawe Thuok na kujitolea kusaidia, angetembea mkiani ili asibaki mtoto nyuma. Kwa hiyo, walipokuwa wakivuka laga, mto mkavu wa mchanga, nje ya Lodwar na akasikia mtu anatembea nyuma yake, alijua papo hapo kwamba kuna jambo haliko sawa.

Akageuka. Mchanga, mikoma michache, na jua la saa sita lisilomwonea mtu haya. Hapakuwa hata na mbuzi.

Akajicheka, akavuta shuka lake begani, akaendelea kutembea.

Walikuwa wametoka Kakuma alfajiri kwa basi la shule, Waturkana wa mjini na watoto wa kambini wamebanana viti vya mbele wakiimba. Kwenye kizuizi cha barabarani polisi alikagua vibali vya wakimbizi, akaona watoto wanaenda kujifunza habari za dini, akawapungia mkono wapite. Kila mwaka darasa la Mwalimu Lokiru lilifanya safari hii. Lilitembea kwa miguu njia waliyopita waumini wa kwanza wa upande huu, wale ambao mwaka wa njaa kubwa walitoka mtoni kulifuata kanisa la kilimani, na wengi wao hawakulifikia. Kila mtoto alivaa shingoni kipande cha katoni chenye jina la mmoja wao. Wakifika mlangoni pa kanisa, mwalimu huita jina, na mtoto huitikia, "Nimefika!" Hivyo hata aliyeanguka njiani anafikishwa. Mwalimu Lokiru aliupenda mchezo huo kuliko mtaala mzima wa serikali, na mwenyewe hakuficha.

Mwaka huu katoni zilipungua. Asekon, binti wa Kiturkana mwenye pengo na maneno mengi, alikosa jina, na midomo ikaanza kumtetemeka.

"Mama Thuok, hebu mwandikie lolote," mwalimu akasema. "Tunachelewa."

Nyakuoth akachana kifuniko cha boksi la biskuti, akashika kalamu, na mkono ukaandika kabla moyo haujatoa ruhusa: NYADAK.

Nyadak alikuwa kifungua mimba wake. Vita vilipowatoa kwao Sudan Kusini walitembea na wanawake wengine, na maji yao ya mwisho yalikuwa ndani ya dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, maji ya kunywa ukiwa umeziba pua. Yalipokwisha, Nadapal mpakani ilikuwa bado mbali. Nyadak akafa alasiri moja chini ya mgunga. Wakamfunika kwa mawe na miiba, wakaendelea, kwa sababu waliobaki nao walikuwa na kiu. Thuok alikuwa mgongoni, mdogo, akiuliza dada yuko wapi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini mzazi huyu alikuwa na mwana mwingine wa kumnyamazisha. Akamwambia, "Anakuja nyuma." Akauliza tena, akamwambia vilevile, hadi mpakani, hadi kambini, hadi mtoto akachoka kuuliza.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, na ilikuwa bado haijaisha.

Nani amlaumu? Alitaka mara moja tu mwanawe aitwe kwa jina mlangoni pa nyumba ya Mungu, na sauti ya mtoto iseme amefika. Hakutaka zaidi ya hapo.

Vishindo vilirudi walipoanza kupanda kilima. Vilikuwa vidogo, vya miguu pekupeku, mmoja ukiburuzwa kidogo. Akisimama, vinasimama. Kisha ikaja harufu: mafuta ya taa, ile harufu ya maji ya dumu, nzito, ya uvuguvugu, ikimpumulia kisogoni mahali ambapo hapakuwa na duka wala taa wala mtu.

Mbele yake Asekon akasimama. Maneno yake yote yalikuwa yamekauka. Akanywa maji yake mpaka tone la mwisho, akampokonya Thuok chupa yake akaimaliza, kisha akachukua dumu dogo la akiba alilobeba Nyakuoth, akaligugumia mpaka likakunjamana, na midomo yake ikazidi kupasuka, kana kwamba yale maji yalikuwa yanamwagika mahali pengine.

"Wewe Asekon, itakupasua tumbo!" Nyakuoth akamwambia. "Khalas, wacha hiyo maji."

Binti akageuka. Macho yalikuwa ya Asekon, lakini namna ya kutazama haikuwa yake. Akanena kwa Kinuer, Kinuer safi cha nyumbani ambacho hakuna Mturkana wa Kakuma anayekijua.

"Mama, mbona mlitembea haraka hivyo?"

Thuok akamshika mama yake mkono. "Mama," akanong'ona, "huyu amejua Kinuer saa ngapi?"

Nyakuoth akageuka nyuma, kwa maana wakati uleule, kutoka chini kabisa kwenye laga waliyoiacha zamani, ambako mchanga ulikuwa unametameta na hapakuonekana kiumbe, alisikia sauti nyingine, ya mbali, iliyojaa kilio, sauti yenyewe ya Asekon ikiita kwa Kiswahili, "Mwalimu! Ningojeni! Mwalimu, mnaniacha!" na alipomtazama binti aliyesimama mbele yake akaona mdomo wake umefungwa.

Walifika juu vivyo hivyo. Mwalimu Lokiru alimwona Asekon alivyopauka, akamlaza kivulini na kumwagia maji kichwani. "Ni jua tu," akasema. Akaanza Baba Yetu, akapotea katikati. Kisha akaona watoto wengine wameanza kulia, akawapanga mlangoni na kuita majina ili kuwashughulisha. "Nimefika!" "Nimefika!" ilisikika kutoka kule.

Nakiru, mfagiaji wa kanisa, alikuja na ufagio wake na shanga zake hadi kidevuni, msalaba umening'inia katikati ya shanga. Akamnusa mtoto. Akatema mate pembeni.

"Hii si jua. Hii ni ekipe, pepo ya mtu amekufa," akasema. "Nani amepea mtoto hii jina?"

"Ni mimi," Nyakuoth akasema. "Ni ya mtoto yangu."

Ukali ukamtoka Nakiru usoni. "Pole, mama. Lakini huyu msichana ako na mama yake pia. Saa hii mtoto yake iko huko chini kwa jua, inaita watu. Unasikia?"

"Nasikia."

"Basi ni wewe. Mimi siwezi. Maombi ya mwalimu haiwezi. Yule aliambia yeye akuje, ndiye ataambia yeye arudi. Na usiite jina yake; akiitika, huyu msichana hatarudi."

Nyakuoth akaing'oa ile katoni shingoni mwa binti na kuipasua. Haikusaidia kitu. Binti akajiinua kwa kiwiko, akatabasamu, na kwa pengo lile la Asekon likapita tabasamu ambalo Nyakuoth alikuwa amelisahau, lililoanzia upande mmoja, na moyo wake ukamruka kwa furaha. Ndiyo, furaha, tusimsingizie. Alimwona mwanawe.

"Mama, niite," Nyadak akasema. "Wenzangu wanaitwa. Niite na mimi, niseme nimefika."

Neno moja tu. Jina alilolichagua mwenyewe kabla mtoto hajazaliwa, na ambalo tangu ule mgunga hakuwa amelitamka mbele ya mtu, lilikuwa limemjaa kinywani, tamu, zito, na angelitamka, naam, alikuwa ameshafungua mdomo, kama sauti ile ya laga isingepanda tena, sasa dhaifu, imekauka, haiiti tena mwalimu bali inamwita mama, kwa Kiturkana, na kilio cha mtoto anayekufa kwa kiu Nyakuoth alikuwa anakijua kuliko mtu yeyote kwenye kilima kile.

Akapiga magoti. Akamshika uso.

"Sikiliza, mwanangu. Nilisema uongo. Nilimwambia ndugu yako unakuja nyuma. Hukuwa unakuja. Ulikufa. Ulikufa kwa kiu mikononi mwangu, nikakufunika kwa mawe, nikaondoka."

Thuok alikuwa amesimama palepale. Alisikia kila neno.

"Lakini nimekuja," Nyadak akasema. "Nimetembea kila siku."

"Najua."

"Nimekosa nini?"

"Hukukosa kitu. Hakuna ulichokosa." Machozi yalikuwa yanamwangukia mtoto usoni, na midomo ile iliyopasuka ikayalamba. "Lakini huyu ni mtoto wa mtu. Mtoke. Rudi."

"Nirudi wapi, mama?"

Nyakuoth alitafuta jibu. Mama yeyote ana jibu la kumpa mtoto, hata la uongo, naye alikuwa hodari wa hayo. Safari hii hakulipata. "Rudi tu," akasema.

Mwili wa Asekon ukalegea. Kisha akakohoa, akafumbua macho, akaanza kumlilia mama yake kwa Kiturkana, na Nakiru akamkumbatia na kumpa maji. Alikunywa kidogo, akatosheka.

Vishindo vikaanza kuteremka kilima, vidogo, mguu mmoja ukiburuzwa. Nyakuoth alivihesabu kimoja kimoja. Vilipofika kwenye mawe ya chini vikasimama, na ilikuwa wazi kwake kwa nini vimesimama. Mtoto aliyefukuzwa nyumbani husimama hapo, mahali pa kusikia akiitwa arudi.

"Dada!" Thuok akapiga kelele. "Nya—"

Nyakuoth alimrukia. Akamziba mdomo kwa kiganja, akambana kifuani kwa nguvu zake zote, mtoto akirusha mateke, akimng'ata, akililia mkononi mwake, naye akimbembeleza kwa sauti ya chini huku akisikiliza, mpaka vile vishindo vikaanza tena, polepole, vikaenda.