Siku Bonge Alipopelekwa Kuchanjwa

Kila asubuhi Wakili alimwogesha mdogo wake, akamvalisha, kisha akamketisha mezani anywe maziwa. Jina hilo la Wakili msichana huyo alibandikwa nyumbani kwa sababu hakuweza kuona mtu akionewa akanyamaza. Mdogo wake wa miaka minne aliitwa Bonge kwa ajili ya mashavu yake.

"Kunywa upesi!" alifoka shangazi yao siku hiyo, huku akipitisha uzi kwenye cherehani. Mama yao alipokuwa kazini, yeye ndiye aliyebaki nao. "Usipomaliza, namwita nesi akudunge sindano ndefu kama mkono wangu!"

Bonge akagugumia maziwa yote, macho yamemtoka pima.

"Shangazi," Wakili alinong'ona, "mbona unamtisha, na leo ndiyo siku ya chanjo?"

"Nyamaza wewe! Nimeshamwambia tunakwenda kununua mpira."

Wakili akamfunga Bonge kamba za viatu, wakatoka wote watatu.

Zahanati ilikuwa imefurika. Surua ilikuwa imeingia mtaani, na binti wa jirani yao, aliyezoea kucheza na Bonge, alikuwa bado amelazwa, anapumua kwa shida. Bonge aliuliza mpira uko wapi, akauliza tena. Mara pazia likafunguliwa, akamwona nesi na sindano mkononi. Alipiga yowe, akaingia chini ya benchi na kung'ang'ania mguu wa benchi hilo.

"Dume zima linalia!" shangazi alisema akicheka, na foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mkamateni miguu, mambo yaishe!" mwanamume mmoja akashauri.

Shangazi alimvuta. Bonge akamng'ata kidole.

"Basi! Hataki, hataki. Turudi nyumbani, nguo za watu zinanisubiri."

"Haturudi!" Wakili alisema kwa sauti iliyomshangaza hata yeye mwenyewe. "Na mnacheka nini? Kila siku anaambiwa sindano ni adhabu. Leo amedanganywa kuna mpira. Halafu anaogopa, mnamcheka! Ni haki hiyo?"

Kicheko kilikatika.

"Unanifokea mbele ya watu?" shangazi aliuliza.

"Nisamehe kwa sauti, shangazi. Lakini maneno yenyewe siyarudishi."

Akalala sakafuni, uso kwa uso na mdogo wake. "Bonge, hakuna mpira. Umedanganywa. Tumekuja kuchanjwa ili usiugue kama mwenzako."

Bonge alivuta kamasi. "Itauma?"

"Itauma, kama kung'atwa na siafu. Halafu inaisha. Ukitaka kulia, lia."

"Utanishika?"

"Nitakupakata mpaka mwisho."

Bonge alitoka polepole. Nesi alimwonyesha Wakili jinsi ya kumpakata kifua kwa kifua, mkono mmoja ukiwa nje. "Sasa puliza, kama unazima mshumaa," alimwambia Bonge. Bonge akapuliza kwa nguvu zote. Sindano ikaingia, ikatoka. Alilia kidogo, akafuta pua begani kwa dada yake.

"Kweli, kama siafu," akasema.

Nesi hakutabasamu. Alisimama mlangoni, akawatazama watu wote waliokuwa kwenye foleni.

"Tumechoka kufanywa majini ya kutishia watoto! Mtoto asipokula, nesi. Asipolala, sindano. Siku akiugua kweli, atamkimbilia nani? Chanjo ni kinga, si fimbo. Mwambieni mtoto ukweli, mshikeni kwa upole, msimcheke akilia. Ukimdanganya leo, kesho hata ukisema kweli hatakuamini. Huyu binti amewashinda nyote."

Shangazi aliinamisha kichwa. Kisha akachuchumaa mbele ya Bonge. "Nimekukosea, baba. Sitakudanganya tena, wala sitakutisha kwa sindano."

Bonge akampa mkono ambao haukuchomwa.

Nyuma yao, yule mwanamume aliyeshauri Bonge akamatwe miguu alikuwa amembeba mwanawe. "Baba, inauma?" mtoto akauliza.

Yule baba alifungua mdomo, akamtupia Wakili jicho, akaufunga. Kisha akasema, "Inauma kidogo, mwanangu. Nitakushika."