Tofali la Doña Otilia

"Toa mkono, Eliecer."

"Toa wewe kwanza."

Hakuna aliyetoa. Yasna alikuwa ameshika mgongo wa kitabu, Eliecer ameshika tumbo, na wote wawili walikuwa wakivuta kama watu wanaomtoa ndama kwa mama yake.

Wanafunzi wa falaki pale La Serena walikiita kitabu hicho Tofali. Kilikuwa na kila kitu ndani yake: uzito wa nyota, umbali wa galaksi, kanuni, majedwali ya saa. Ukikiangusha mguuni, umesoma vya kutosha mwaka huo. Mtihani wa kuingia shahada ya pili ulikuwa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na rafuni kulikuwa na nakala moja tu.

"Nyinyi wawili!" alifoka doña Otilia, mkutubi, bila kuinuka kitini. "Hiki ni chumba cha rejea, si soko la samaki. Vitabu vya rejea havitoki humu na havigombewi. Nakala ya pili iko kwa fundi, inabandikwa jalada. Kaeni meza moja msome, au tokeni wote."

Walikaa. Kati ya viti vyao angepita punda na mzigo wake.

Wiki tatu zilizopita asingepita hata sisimizi. Ndipo ikaja ile Jumapili ambayo Yasna alimwalika Eliecer chai ya jioni, saa kumi na moja, aje aonwe na baba. Yasna alioka mkate, akaponda parachichi, akafungua chupa ya jamu ya papai iliyowekewa wageni wa maana. Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Baba akala, akafuta mdomo, akasema, "Binti yangu, huyo bwana wako ni kama nyota yenye mkia. Inasifiwa sana, lakini wengine tutakufa hatujaiona."

Yasna alimwandikia: "Uko wapi?"

Jibu likaja usiku: "Muulize uliyemlisha kwanza."

Hakuelewa, na kiburi kikamkataza kuuliza. Tangu siku hiyo, kimya.

Simu ya Eliecer ikatetemeka mezani. Aliipokea kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mhandisi... Nashukuru sana... Nitawajibu leo, kabla hamjafunga ofisi."

Yasna alijifanya anasoma, lakini macho yalikwama kwenye mstari mmoja.

"Nani huyo?"

"Antofagasta. Wananitaka kwenye darubini ya jangwani. Kazi ya kudumu."

"Na mtihani?"

"Nikihamia huko, mtihani wa nini tena?"

"Kwa hiyo unakwenda."

"Kuna mtu wa kunizuia?"

Yasna aligeuza ukurasa ambao hakuwa ameusoma.

"Someni kwa sauti!" doña Otilia akaamuru. "Kama lazima mnuniane, linunieni swali, msininunishe na mimi."

Yasna akavuta karatasi ya mtihani wa zamani, akasoma kwa hasira: "Nyota inapita juu ya La Serena, na saa ya dunia imetajwa. Saa ya ukutani inasemaje?"

"Unapunguza saa nne," alisema Eliecer. "Majira ya baridi ni nne."

"Sijasahau hesabu. Nimesahauliwa tu."

Eliecer alitupia jicho saa yake ya mkononi, akaruka kitini kama aliyeumwa na nge.

"Mungu wangu, saa mbili kasorobo! Antofagasta wameshafunga!"

Yasna alitazama ukutani. "Kaa chini. Ni saa kumi kasorobo."

"Ah." Eliecer akaketi, amefadhaika. "Nimeshuka mlimani asubuhi. Hii bado inafuata saa ya kule."

Kule mlimani, kwenye darubini alikofanya zamu Eliecer, watu wote huvaa saa ya dunia, ili hesabu za anga zilingane kila nchi. Wakishuka mjini huirudisha nyuma. Wakikumbuka.

Yasna alikuwa bado anaitazama ile saa ya mkononi. Kidole chake kilikuwa juu ya jedwali la Tofali, hakisogei.

"Eliecer. Jumapili ile, ulikuja nyumbani?"

"Nilikuja. Saa kumi na moja kamili, na maua mkononi."

"Kwa saa ipi?"

Eliecer aliigeuza saa yake mkononi, akaikodolea macho.

"Jibu, bwana."

"Nilikuwa nimetoka zamu," alisema polepole. "Nikalala, mapazia meusi yamefungwa, simu imekufa chaji. Nikaamka, nikatazama mkononi, nikakimbia."

"Na jua? Mtu wa anga mzima, hukutazama juu?"

"Jua gani, Yasna? La Serena mwezi wa saba! Ukungu ulikuwa hadi kwenye paa."

Hapo alikuwa na haki yake.

"Basi ulifika saa saba mchana. Ukaona nini?"

"Nikaona jamaa langoni amekubeba juujuu. Nawe unacheka, unamwambia, 'Njoo ule kwanza, wengine hawajafika.' Nikamtupia maua mbwa wa jirani, nikaenda zangu."

Yasna alishika tumbo kwa kicheko.

"Nivaldo!"

"Sitaki kulijua jina lake."

"Utalijua, ni shemeji yako! Kaka yangu, mjinga wewe, yule wa Punta Arenas! Alikuja bila kutuambia. Kachakaa kwenye mabasi tangu huko kusini, njaa imemshika, nimnyime chakula?"

"Kwenye picha kaka yako ana ndevu."

"Alinyoa!"

Eliecer alificha uso kwenye Tofali. "Wiki tatu, Yasna. Nimewaza hadi kuhama mji."

"Na mimi ningeuliza swali moja tu yangeisha." Akavuta kiti chake karibu. "Usiende."

Eliecer akachukua simu.

"Mhandisi? Nashukuru, lakini hapana. Nina mtihani Jumatatu. Na Jumapili nina chai."

"Nani kakualika?" Yasna akauliza.

"Nimejialika."

Yasna akamwandikia baba: "Alikuja siku ile. Ila alitangulia kwa saa nne."

Baba hakuchelewa: "Nilishangaa mbwa wa jirani yetu, don Lautaro, anatafuna waridi. Aje Jumapili, saa kumi na moja. Ya huku chini, mwambie!"

Mlango ulipokaribia kufungwa, doña Otilia akainuka kitini, kwa mara ya kwanza tangu mchana. Mto wake ukateleza. Chini yake kulikuwa na kitabu cha jalada la kijani, kinene kama tofali.

"Doña Otilia!" Yasna akapiga kelele. "Si ulisema iko kwa fundi?"

"Fundi ni mimi. Wiki nzima ninaibana." Mama yule hakuona haya hata kidogo. "Nimechoka kuwaona mnapishana rafuni kama paka wawili. Haya, sasa kila mtu na chake. Nani anaitaka hii? Bado ina joto."

Wakatazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Ikalie tu, doña," alisema Eliecer, huku Yasna akimvua saa ile mkononi airudishe nyuma. "Moja inatutosha."