Zima Hiyo Breki, Mwanangu

Biasha alimjua mumewe kwa mngurumo. Hakuhitaji simu. Akiwa Kombani, chini kabisa ya mteremko unaotoka Kwale, kwenye kibanda chake cha viazi karai, husikia breki ya injini ikiunguruma kule juu, dududududu, akajua Chirau anashuka. Basi hupakua sahani, huifunika kwa kawa yake yenye kiraka cha buluu, hutoka mpaka ukingoni mwa barabara kumngojea. Chirau husimamisha lori, hula mbio mbio, humtania mkewe kidogo, kisha huyo, anapeleka kokoto zake Diani. Miaka sita hivyo hivyo. Majirani waliwacheka, ati mapenzi ya lori.

Breki hiyo, kwa asiyeijua, haibani magurudumu. Injini yenyewe ndiyo inayolivuta lori nyuma, na ndiyo maana hulia vile. Aliyemfundisha Chirau kuitumia ni Sefu, dereva wa siku nyingi, na Sefu si mtu wa porojo.

"Iwashe kileleni, kabla hujaanza kushuka, gia ikiwa ya chini," alimwambia. "Ukingoja mteremko ukuchukue, umekwisha. Na breki za mguu usizichoshe, utazitaka mbele."

Wakati mmoja tu alimkataza: mvua ikinyesha na lori likiwa tupu, maana magurudumu ya nyuma huteleza.

Siku hiyo mvua haikunyesha. Na lori lilikuwa limejaa pomoni, kokoto kutoka upande wa Kinango.

Alipita Kwale mjini jua likizama. Mteremko ulipokaribia kuanza, akamwona bibi kizee amesimama kando ya barabara, kajitanda kanga hadi puani, mkono juu. Wewe ungempita? Bibi kizee, peke yake, saa ya magharibi? Labda wewe ungempita. Chirau alilelewa, akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nishushe pale konani tu. Nyumbani kuna msiba."

"Poleni sana. Panda, bibi."

Ngazi ya lori lile ni ndefu, hata vijana huhema wakiikwea. Bibi aliipanda mara moja, bila kushika popote. Kisha ikaja harufu...

Karafuu maiti.

Chirau akajituliza. Si amesema kuna msiba? Bila shaka ametoka kuosha maiti. Akaingiza gia ya tatu, akabonyeza swichi, breki ikaanza kuunguruma. Bibi akaziba masikio kwa viganja viwili.

"Izime, mwanangu."

"Bibi, mteremko huu mbaya..."

"Wajukuu wangu wamelala," alinong'ona. "Utawaamsha."

Sasa, huku kwetu dereva akipita penye matanga huzima muziki, hapigi honi, na mkubwa aliyefiwa habishiwi. Ndivyo tulivyofunzwa. Chirau alijiambia, ni mpaka konani tu, nitalishika lori kwa mguu. Akaizima.

Kimya.

Jamani, kimya kile! Lori likaanza kuchota kasi. Chirau akakanyaga breki, likapungua. Akaachia, likachota tena. Kona ikafika.

"Ni hapa, bibi?"

"Mbele kidogo."

Akakanyaga tena, zaidi sasa. Kona ya pili.

"Hapa?"

"Mbele kidogo, mwanangu."

Ndipo harufu nyingine ilipopanda, ikaifunika ile ya karafuu maiti. Breki zinaungua. Moshi mweupe ulionekana kwenye kioo cha pembeni, na pedali ikazama chini ya mguu wake bila kushika kitu. Chirau akabonyeza swichi, lakini kwa kasi ile gia ya tatu haikutosha. Akavuta gia arudi ya pili apate kuzuia. Gia ikatoka ya tatu, ikakataa kuingia ya pili, ikabaki katikati ikikwaruza. Na gia ikiwa haijaingia, breki ya injini haina kazi, hata ukiibonyeza mpaka kesho.

"Bibi, shika vizuri!" alipiga kelele.

Kiti kilikuwa kitupu.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Na hapo akaisikia.

Dududududu...

Haikutoka kwenye lori lake. Ilitoka mbele, chini, kwenye giza la kona inayofuata. Ilikuwa breki yake mwenyewe, wallahi, na kile kimluzi chembamba cha bomba la moshi lenye ufa, alilokuwa akisema kila mwezi atalipeleka kwa fundi wa Kona ya Musa lichomelewe. Ilishuka mbele yake polepole, kwa utulivu, kama ishukavyo kila jioni. Na kule Kombani kulikuwa na mtu mmoja aliyeisikia na kuanza kupakua sahani.

"Biasha, usitoke," alisema Chirau. "Biasha, mama, usitoke leo."

Akapiga honi. Honi yenyewe ni ya upepo, na upepo wote ulikuwa umekwisha kwenye breki. Ikakohoa mara moja, ikafa.

Kona ya mwisho. Taa za vibanda. Na Biasha ukingoni, sahani mkononi, anatabasamu.

Hakukwepa. Nani humkwepa mumewe?

Chirau alivunjika miguu yote miwili, akaachwa hai. Waliokuja kulikagua lori walisema breki ziliungua kwa uzembe wa dereva, na yeye hakubishana nao. Watu wa Kwale wana maneno mengine. Wanasema palikuwa na Bi Kahaso, ambaye nyumba yake ya konani iliwahi kugongwa na lori wajukuu wake watatu wakiwa wamelala, na kwamba mpaka anakufa alikuwa akisimama barabarani kuwaomba madereva wanyamaze. Wengine wanasema Kahaso amelala kaburini mwake salama, na hicho kinachosimama kileleni ni kitu kingine, kimeazima kanga yake tu. Ukweli haujulikani.

Juzi Sefu alikuja kumjulia hali. Alikaa, akapangusa jasho.

"Jana magharibi nimempakia mtu pale kileleni," alisema.

"Bibi kizee?"

"Si kizee." Sefu hakumtazama. "Amebeba sahani. Imefunikwa kawa. Ina kiraka."

Chirau hakuuliza kiraka ni cha rangi gani.

"Alikuambia nini?"

"Niizime breki. Nilikataa, Chirau! Nikasoma kila aya niijuayo, mpaka kiti kikabaki kitupu. Lakini kabla hajaondoka alisema..."

"Sema, kaka."

"Mume wangu amelala. Utamwamsha."

Chirau alilia mbele ya mwenzake bila kujificha. Alitaka kuuliza kama Biasha anaonekana ana baridi, kama alimtaja kwa jina. Badala yake akamwomba Sefu awaonye madereva wote. Sefu alijaribu. Wengine walicheka, na wengine hawajulikani hata watokako. Na utamwambia nini mtu? Amkatalie mama mwenye adabu, mwenye sahani mkononi, asemaye mumewe amelala?

Leo jioni Chirau alikuwa amelazwa kitandani nje ya mlango wa nyumba yake hapo Kombani, hatua chache kutoka barabarani. Wanawake walikuwa wakikaanga viazi. Watu walikuwa wengi ukingoni, kama kawaida ya saa hiyo. Kule juu lori likaanza kushuka, dududududu, na Chirau akashusha pumzi. Maadamu inalia, dereva amekataa. Kona ya kwanza, inalia. Kona ya pili...

Mlio ukakatika.

Chirau akaanza kupiga kelele watu waondoke, wakimbie, lori linakuja! Walimtazama kwa huruma. Mama mmoja alikuja kumfunika shuka, akamwambia atulie, barabara iko kimya kabisa.