Gamba la Kidonda cha Wambura

Alfajiri ya Jumatano, Mzee Stanislausi wa Nyamuswa alikuta seng'enge ya zizi lake imekatwa, ina damu, na mtamba wake mwekundu hayupo.

Kufikia saa nne sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wameshamfunga kamba Wambura, mtu wa Guta anayemchungia mzee ng'ombe. Alikuwa na mchubuko mrefu mkononi. Ushahidi gani tena? Fimbo zilishaletwa. Bahati nzuri Inspekta Hyasinta alifika kutoka Bunda kabla hazijaanza kazi.

"Uliumia lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita, afande. Nilichubuliwa na mkonge."

"Mwongo!" alifoka Clementi, mtoto wa kwanza wa mzee. "Huyu anaibaga tangu zamani!"

Hyasinta alisogea karibu. Aliutazama mkono wa Wambura kama mama anavyotazama goti la mwanawe. Gamba lilikuwa gumu, jeusi, kingo zimeanza kubanduka, na chini yake ngozi mpya ya waridi. Hali hiyo haipatikani kwa usiku mmoja, hata ukikiombea kidonda.

"Huyu anakaribia kupona," alisema. "Aliyekwaruzwa na seng'enge usiku huu kidonda chake bado ni kibichi. Wote kunjeni mikono ya nguo."

Walikunja. Clementi, aliyevaa sweta jua likiwaka, alichelewa. Mkono wake ulikuwa umepakwa dawa ya zambarau.

"Hiki cha lini?"

"Cha wiki mbili. Nilibandua gamba, ndiyo maana kinatoa maji."

"Chini ya gamba la wiki mbili kuna ngozi, Clementi. Hapa pabichi, na kingo zimevimba. Ng'ombe yuko wapi?"

Clementi alikaa chini. "Butiama, kwa rafiki yangu. Nilikata seng'enge ionekane ni wezi wa nje."

"Kwa nini?"

"Hiyo ng'ombe ni ya mahari ya dada yangu Debora. Kwetu, mahari ya Debora ndiyo ya kuniozesha mimi, kaka yake mkubwa. Baba amempa mdogo wangu Fredi aoe nayo. Mimi nina miaka thelathini na saba, afande. Nakulaga peke yangu."

Mzee hakukana. Alitazama chini kwa aibu huku mwanawe akifungwa pingu.

Wambura alipofunguliwa kamba alilia waziwazi. "Asante, afande. Asante sana. Wangeniua hapa." Alimshika Hyasinta mikono yote miwili, hakutaka kuiachia. Kisha akamgeukia mzee.

"Mzee, mimi leo nimerudishiwa uhai wangu. Futa kesi, na yeye mpe ng'ombe yake aoe."