Aliyejibu Ukuta

Vumbi la tofali halinuki jasho. Linanuka saruji, linanuka jiwe lililoungua, basi. Muulize fundi yeyote. Lakini mchana ule, Ezra alipozima mashine ndani ya nyumba ya Mzee Kisyeri pale Nyangoto na kushusha kitambaa kutoka puani, vumbi lililokuwa linaelea chumbani lilinuka jasho la mwanaume aliyefanya kazi tangu alfajiri bila kupumzika.

Akajinusa kwapani. Binadamu huanza kwa kujishuku mwenyewe. Halikuwa jasho lake.

Ezra alikuwa fundi umeme, na mashine ile ilikuwa mpya. Ina diski mbili za kukatia zinazozunguka sambamba. Unaipitisha ukutani, inaacha mistari miwili iliyonyooka, kisha unabandua katikati kwa patasi na mfereji wa kulaza bomba la nyaya uko tayari. Kazi ambayo nyundo inaifanya kutwa nzima, mashine inaimaliza chai haijapoa. Ilikuwa na kifaa chake cha kunyonya vumbi, lakini muuzaji wa Sirari alikiuza kando, na Ezra, kichwa kigumu tangu tumboni mwa mama yake, akasema vumbi halijawahi kuua mwanaume. Akajifunga kipande cha kitenge usoni, akaanza kazi.

Kabla ya umeme alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, yeye na mdogo wake Nyamhanga. Miaka miwili iliyopita, siku ambayo Ezra alikuwa nyumbani na homa, Nyamhanga alienda peke yake kwenye maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo ya dhahabu huku, na hakurudi. Wengine walisema kavukia Kenya. Wengine wakasema kaoa Geita, kajisahau. Wazee kule kwao Kenyamonta walishauri uzikwe mgomba badala ya mtu, ili msiba uishe. Mama yao, Mogesi, akakataa kata kata.

"Mimi sizai migomba," alisema. Akamgeukia Ezra. "Mlete mwenzako nyumbani. Akiwa hai, mlete. Akiwa maiti, mlete."

Ezra aliapa. Tangu siku hiyo hakuwahi kukaa kwa mama yake akala akashiba, kwa aibu.

Haya. Nyumba ya Kisyeri ilikuwa na mpangaji, Laurensia, nesi wa zahanati, Mhaya aliyepangiwa kazi huku na ambaye alikuwa hajazoea wanaume wa Tarime wanaoongea kama wanagombana. Alirudi mchana ule akakuta vitanda, vyombo na hata kalenda ya kanisa vimekuwa vyeupe.

"Fundi, jamani! Hiki ni chumba au ghala la unga?"

"Pole, sista. Umeme unakuja na vumbi lake."

"Na hii harufu? Umelala humu?"

Ezra alitaka kumjibu kwa utani, lakini kukasikika mlio. Ko. Ko. Ko. Ulitoka ndani ya ukuta, kwenye mfereji aliokuwa ameukata, chini kidogo ya swichi. Kimya. Kisha tena, ko, ko, ko, taratibu, bila haraka, kama mtu mwenye subira sana.

"Panya," alisema Laurensia, lakini sauti yake haikumwamini panya.

Ezra alijua si panya. Chini ya ardhi, kwenye giza ambalo sauti ya mdomo haifiki juu, mchimbaji anayetaka kutolewa hugonga mwamba mara tatu. Aliyeko juu, aliyeshika kamba, lazima ajibu mara moja: nimesikia, nakupandisha. Huko maduarani unaweza kumwibia mwenzako mfuko wa mawe na ukasamehewa. Kumwacha mtu anagonga bila kumjibu, hapana, hilo hakuna wa kukusamehe. Ezra alikuwa amejibu hivyo mara elfu, na mkono wake ukajibu kabla kichwa hakijafikiri. Alishika patasi, akagonga ukuta kwa mpini. Ko.

Ukuta ukanyamaza.

Kisha vumbi lililokuwa limetulia sakafuni likaanza kusogea. Hakukuwa na upepo, dirisha lilikuwa limefungwa. Lilitambaa kutoka chini ya kitanda, likashuka kutoka kwenye kabati, likakusanyika miguuni pa Ezra, na Laurensia akaliona likimpanda kwenye suruali, kwenye shati, mpaka shingoni.

"Funga mdomo! Ezra, funga mdomo!"

Ezra alikuwa ameufungua kwa mshangao. Akakohoa mara moja, kikohozi kirefu, na chumba kikawa safi kuliko kilivyokuwa asubuhi.

Angetakiwa kuondoka. Mimi ningeondoka, nawe ungeondoka. Lakini fundi hana tabia ya kuacha ukuta umechanwa nusu, na kesho yake akarudi, na kuanzia hapo nyumba ile haikuwa tena ya watu. Laurensia alifagia asubuhi, akirudi saa nane anakuta vumbi limerudi, ndani ya sufuria iliyofunikwa, ndani ya viatu, ndani ya uji. Jioni moja jua halijazama alifungua mlango wa chumba akaona vumbi limelala juu ya shuka lake katika umbo la mtu aliyejikunja, magoti yamefika kidevuni, mikono imefunika kichwa, kama mtu anayeangukiwa na dari, na alipokuwa bado amesimama mlangoni na funguo mkononi, hawezi kuingia wala kukimbia, akasikia ukuta ukigonga, si mahali pamoja tena bali pande zote nne, ko ko ko huku, ko ko ko kule, kama watu wengi wanaopishana bila kusubiriana, na katikati ya kugonga huko Ezra alikuwa amepiga magoti anakata, mashine inaunguruma, ameuacha mstari wa chaki, anakata chini, anakata pembeni, anakata pasipo na swichi wala soketi, machozi yakimchora mifereji kwenye uso mweupe, akisema kwa sauti ya chini, "Nakuja, mura, kijana wangu, nakuja, shikilia hapo hapo."

Laurensia alichomoa waya wa mashine. Mlio ukafa.

"Nani yuko humo, fundi?"

"Sijui," alinong'ona Ezra. "Lakini wanajua kugonga kama sisi."

Asubuhi yake Laurensia hakwenda kazini. Alikwenda kumwita Bibi Robi. Ndiyo, nesi wa serikali, Mkatoliki wa kuimba kwaya, alimfuata mganga kwa miguu yake, na asiyewahi kuogopa asimcheke. Bibi Robi alikuja na fimbo na kibuyu, akaitikia shikamoo zote, akaagiza mwenye nyumba aitwe. Kisyeri alikuja akiwa amevaa kofia yake nzuri, akajifanya ana haraka.

Bibi Robi alichota vumbi kwa kidole, akalionja, akatema.

"Tofali hizi ulifyatua kwa mchanga gani?"

"Mchanga tu, bibi. Marudio."

Marudio ni mchanga unaobaki mawe ya dhahabu yakishasagwa na kuoshwa. Ni mwingi, hauna kazi, na huku watu wengi hujengea. Hakuna ubaya wowote.

"Marudio ya duara lipi?"

Kisyeri akatazama mlango. Ezra alikuwa amesimama mlangoni.

"Langu," alisema hatimaye. "Lililoporomoka."

"Kulikuwa na watu?"

"Wanne." Akavua kofia. "Niliogopa, bibi. Halikuwa na kibali. Nikasema nikitangaza, nitafungwa. Baada ya miezi mitatu nikalifungua tena, mwamba ulikuwa mzuri mno. Tulipofika pale walipokuwa, vijana walikataa kuendelea. Wakatupa sururu wakaondoka." Akaikunja kofia mikononi. "Mimi ndiye niliyejaza ndoo. Usiku nilipeleka kila kitu kwenye karasha, kikasagwa. Sikuchagua jiwe wala mfupa."

Laurensia alijishika mdomo. Alikuwa amelala kwenye kuta zile mwaka mzima. Alikuwa ameegemeza kichwa pale akisoma Biblia.

"Wataje," alisema Bibi Robi.

Kisyeri akataja majina. La nne lilikuwa Nyamhanga wa Kenyamonta.

Ezra hakumpiga. Watu waliosikia baadaye walishangaa, maana Ezra alikuwa mtu wa ngumi. Alikaa chini tu, juu ya mashine yake, akasema, "Nimemkata. Mungu wangu, nimemkata ndugu yangu kwa diski."

"Sikujua ni wako, mura," alisema Kisyeri.

"Nyamaza," alisema Bibi Robi. Kisha akauliza kwa sauti ya taratibu, "Walipogonga, nani alijibu?"

"Mimi."

Bibi alimtazama. Uso wake ulilegea kwa huruma. "Haya," alisema. "Bomoeni."

Walibomoa siku mbili. Kila tofali, kila punje, vikatiwa kwenye magunia na kupelekwa pembezoni mwa kijiji kwenye kaburi moja kubwa. Ndugu wa marehemu waliopatikana walikuja. Katekista alisali, Bibi Robi akamwaga pombe ya mtama, na hakuna aliyemzuia mwenzake. Kisha bibi akainama juu ya magunia akaita jina la kwanza. Kutoka ndani ya magunia, mbele ya watu wazima na akili zao, kukagongwa mara tatu. Bibi akagonga fimbo mara moja, akasema, "Umefika, pumzika." Akaita la pili, likagonga. La tatu, likagonga.

Akaita Nyamhanga. Kimya. Akaita tena, kwa Kikurya, akataja na jina la baba. Ndege waliimba, mtoto wa mtu akalia, magunia hayakusema kitu.

"Huyu hayumo," alisema Bibi Robi. "Ameshapandishwa." Hakumtazama Ezra aliposema hivyo.

Kisyeri walimchukua wazee wa mji, na baada ya wazee, polisi. Hayo ni ya mahakama. Laurensia alihamia nyumba ya matofali ya kuchoma, akalala usingizi wa kwanza baada ya majuma mengi.

Mwezi uliofuata Ezra alikuja zahanati. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, mkanda haukuweza tena kumbana. Alikuwa anakohoa, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. Laurensia alimpima uzito, akaulinganisha na wa kadi yake ya zamani, akamkalisha, akamvua shati, akaweka kipimo cha kusikilizia mapafu mgongoni.

"Vuta pumzi." Akavuta. "Toa." Akatoa. Mapafu yalikwaruza, kama ya wachimbaji wengi. "Sasa zuia. Usipumue mpaka nikwambie."

Ezra akazuia. Mabega yakatulia, mbavu zikatulia. Na masikioni mwa Laurensia, ndani ya kifua kile kilichotulia, mtu aliendelea kupumua. Polepole, kwa kina, kama aliyelala baada ya kazi ndefu. Alivuta. Alitoa. Alivuta.

Laurensia alihesabu pumzi saba. Akatoa kipimo masikioni.

"Pumua, Ezra."

"Umemsikia?" Ezra aliuliza, karibu kwa furaha.

"Umepungua kilo tisa," alisema Laurensia. "Hiki kitu kinakumaliza. Twende kwa Bibi Robi. Twende Musoma wakupige picha. Twende popote, nitakusindikiza mwenyewe."

"Wamtoe, wampeleke wapi? Ukutani?" Ezra alitikisa kichwa. "Sista, nikifa nitazikwa wapi?"

"Usiseme hivyo."

"Nitazikwa Kenyamonta, pembeni ya baba. Basi naye atazikwa. Mama alisema nimlete, hata akiwa maiti."

"Na mama yako? Akishawazika nyote, atabaki na nani?"

Inaonekana hilo Ezra hakuwa amelifikiria. Aliinama, kiganja juu ya kifua, na Laurensia akadhani sasa atalia, sasa atakubali.

Hakulia. Alichukua shati lake akalivaa. Nje jua lilikuwa la kuchoma mabati, wagonjwa kwenye benchi walikuwa wanajipepea kwa kadi za kliniki. Ezra alifunga vifungo vyote, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni, akainua na kola.

"Joto lote hili?" aliuliza Laurensia, akijifuta macho.

"Si mimi, sista," alisema Ezra. "Ni yeye anayesikia baridi."