Ulinipigapiga Bega

Fundi cherehani alikutwa asubuhi, kifudifudi chini ya meza ya kukatia, gauni la mteja likiwa bado kwenye sindano. Kisogoni palikuwa na jeraha moja la tangu jana yake jioni. Aliyemkuta ni dada yake. Kila siku alikuja dukani kumpigia pasi, kisha akarudi nyumbani kumgeuza mama yao aliyepooza.

Inspekta alikuja, akaona, akaandika. Hakuhisi chochote. Miaka ishirini na miwili ya kuinamia maiti ilikuwa imemkausha, na alikwisha acha kujishangaa.

Kufikia mchana walikuwa na mtu mahabusu: fundi viatu wa mlango wa pili. Majirani walimsikia akimfokea marehemu, "Leo nakuua!" Na nyundo anayo.

"Ulisema?"

"Nilisema, afande. Alinifichia gundi yangu."

"Ukamuua."

"Mimi na yule tumeuana kila siku kwa miaka tisa. Ananizika, namzika, halafu tunaagiza chai."

Koplo akaandika: amekiri kutishia. Kwa siku nne mke wa fundi viatu alileta chakula kituoni, akarudi nacho.

Siku ya tano ripoti ya uchunguzi wa maiti ikaja. Marehemu alipigwa kwa kitu kizito chenye ncha ya pembetatu. Si nyundo. Inspekta akaichukua pasi iliyokuwa rafuni, akaipeleka maabara. Ilikuwa imefutwa vizuri, lakini kwenye matundu ya mvuke kulibaki damu. Alama za vidole zilikuwa za dada mtu. Hilo peke yake halikuwa na uzito. Pasi alikuwa akiishika kila siku.

Akafungua daftari la Koplo, kurasa za asubuhi ile, duka lilipojaa vilio.

Mchumba wa marehemu: "Mimi ndiye niliyemuua. Laiti ningemwita kwetu mapema!"

Mjomba: "Tumemuua wenyewe. Laiti tungeweka mlinzi!"

Dada: "Nimemuua mdogo wangu."

Akasoma tena, taratibu. Wote walikuwa na laiti yao. Dada hakuwa nayo. Alisema hivyo tu.

Fundi viatu akaachiwa saa ile ile. Inspekta akaenda nyumbani kwa dada, akamkuta anamlisha mama yake kwa kijiko.

"Kwa nini, dada?"

Hakuacha kulisha. "Aliniambia anaoa, anahamia mbali. Nikamuuliza, na mama je? Akasema, 'Si upo wewe? Wewe umeshazoea.'"

"Labda alikuwa anakusifu."

"Alikuwa anatabasamu, ndiyo. Mtu mwingine angemshukuru." Akamfuta mama kidevu. "Mimi, aliyekuja kunioa nilimrudisha kwao, afande. Mama ameanguka, mdogo wangu anajifunza kushona, nani angebaki? Miaka kumi na moja. Sasa naye ananiambia nimezoea. Na pasi iko mkononi."

Mama aliwatazama wote wawili.

"Mtu asiye na hatia amelala sakafuni siku nne," Inspekta alisema. Sauti yake ilikuwa bapa kama kawaida. "Kwa nini hukusema?"

Dada akaweka kijiko chini, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Nilikwambia. Siku ile ile, mbele ya watu wote. Ukanipigapiga bega, ukasema nijikaze."